Komeo na Pasi ya Bahati Mbaya

Kong'.

Hiyo ndiyo sauti aliyoisikia Komeo akiwa angani, macho kayafumba, mikono kainyoosha upande ambao mpira haukwenda.

Ndipo tulipomwacha wiki iliyopita, msomaji: kipa wetu amening'inia hewani kama shati lililosahauliwa kwenye kamba. Nusu fainali, ugenini, bila kwa bila, dakika za mwisho, na refa amewapa wenyeji penalti. Tunamwomba radhi kwa kumwacha huko juu wiki nzima. Ni mtu mzima, na mtu mzima hapendezi kukaa hewani.

Sasa tumshushe.

Alitua kwa ubavu, puu, uso ukazama kwenye majani. Kitu kikamgonga mbavuni, kikateleza, kikatulia chini ya tumbo lake. Kilikuwa mpira. Komeo akaukumbatia bila kufikiri, maana mikono ya kipa hukumbatia hata usingizini. Mkewe ni shahidi.

Kisha akasikiliza.

Kimya.

Hapo ndipo mkosi ulipozaliwa, na ni mkosi wa makipa peke yao. Mshambuliaji akikosa, anajionea kwa macho yake. Kipa aliyelala kifudifudi haoni kitu. Uwanja anausoma kwa masikio. Miaka yote aliyodaka nyumbani, Komeo alishika sheria moja isiyomo kwenye kitabu cha marefa: wakipiga kelele, umeokoa, wakinyamaza, umefungwa. Sheria hiyo haikumdanganya hata siku moja.

Ila nyumbani ni nyumbani. Leo wenyeji walinyamaza kwa sababu mpigaji wao, kijana wa mitindo mingi na nywele za gharama, ameugonga mpira kwenye nguzo. Kong' ile ilikuwa ya nguzo. Mpira ukarudi ukamgonga Komeo mbavuni, akaulalia. Ameokoa bila kujijua, kama mtu anayerithi shamba la mjomba asiyemfahamu.

Na mashabiki wetu, ambao wangemzindua kwa kelele? Basi lao liliharibika njiani. Wakati huo wote walikuwa wameinamia redio moja kando ya barabara, wakigombania nani ashike waya wa antena.

Basi Komeo, mkongwe, mbobezi, mtu anayewafundisha wengine jinsi ya kuusoma mchezo, akakata shauri: goli. Mpira umegonga nguzo, umeingia, umegonga wavu, umerudi kumcheka tumboni.

Na pamoja na goli hilo likamrudia neno la asubuhi. Walikuwa wakinywa chai. Kocha wetu, ambaye mashabiki humwita Profesa kwa sababu hawezi kuomba chumvi bila kuchora mishale, alimwinamia sikioni.

"Komeo, leo daka kwa raha zako. Tukivuka, fainali anadaka Gundi. Ni wakati wa damu changa."

Akaendelea kupaka siagi kwenye mkate wake, kama mtu aliyetaja tu kwamba jioni huenda mvua ikanyesha.

Ujue, msomaji, Komeo hajawahi kudaka fainali. Mara ameumia kidole, mara amepewa kadi nyekundu, mara timu imetolewa mapema ili isimsumbue. Yeye na fainali walikuwa kama jua na mwezi, wanasikiana tu. Na sasa, akiwa amelala juu ya mpira, aliona kwamba hata nusu yake wameiharibu kwa goli la dakika za mwisho.

Akainuka. Hakumtazama refa, hakumtazama mtu. Macho yalikuwa yamejaa maji. Akafanya kile ambacho kila kipa aliyefungwa hufanya: akauchapa mpira kwenda katikati ya uwanja ili mchezo uanze upya.

Lilikuwa tusi, halikuwa pigo. Tusi lenyewe lilipaa vizuri mno.

Likapita juu ya wenyeji waliokuwa wamejishika vichwa. Likapita juu ya mpigaji wa nywele za gharama, aliyekuwa akiiangalia ile nguzo kama anataka kuishtaki. Likashuka kwenye duara la kati, ambako alisimama mshambuliaji wetu Mzigo. Jina hilo alipewa na mashabiki na hakuna aliyewahi kuuliza sababu. Wenzake walipokimbia kubishana na refa, Mzigo alibaki pale pale, upande wetu wa mstari, kwa kuwa kutembea hakumfai.

Mpira ukamwangukia mguuni.

Mzigo akatazama kushoto. Akatazama kulia. Hakuona mtu wa kumpa jukumu hilo. Mbele yake hakukuwa na beki, na kipa wa wenyeji alikuwa amesogea mpaka karibu na mstari wa kati, kapiga magoti, akiombea penalti iliyokwisha kupigwa. Ikabidi Mzigo akimbie. Lango lilikuwa tupu kama ahadi ya kampeni, na hata hivyo alijitahidi kukosa: mpira uligonga nguzo kwanza, ndipo ukaona haya ukaingia.

Refa akapuliza goli, kisha akapuliza kumaliza.

Komeo alikuwa amekwishageuka nyuma ya lango kuchukua taulo lake. Akasikia kimya kingine, kizito kuliko kile cha kwanza. Akajisemea, "Ina maana wametufunga la pili?"

Ndipo wenzake wakamwangukia mgongoni, wote kwa pamoja, wakimbusu kichwa.

Chumba cha kubadilishia nguo kilinuka jasho na dawa ya kuchua. Profesa aliingia akiwa amefungua mikono.

"Mwanangu," akasema, ingawa amempita Komeo umri kwa ndevu tu.

Nyuma yake aliingia mwandishi wa michezo, dada mwenye kinasa sauti na maswali mafupi.

"Komeo, ulimwona Mzigo?"

Mlango wa ukweli ulikuwa wazi kabisa, msomaji, hata upepo ulikuwa unapita. Komeo, mtu mnyoofu, alikohoa.

"Kipa anaona mengi," akasema.

"Ukiwa umelala kifudifudi?"

"Hasa ukiwa umelala hivyo."

Profesa akamwekea mkono begani. "Dada, andika vizuri. Hicho kitu tumekifanyia mazoezi kwa siri muda mrefu. Kinaitwa Mtego wa Kimya. Kipa anaudaka mpira, anajifanya amekata tamaa. Adui anasinzia. Kipa anainuka, anapiga kwa mtu aliyejificha katikati."

"Mzigo alikuwa amejificha?"

"Wewe ulimwona mechi nzima?"

Mwandishi akafikiri. "Hapana."

"Umeona."

"Na yale machozi ya Komeo?"

"Sehemu ya mbinu."

Komeo akamgeukia kocha wake, akaona jambo la kutisha. Mtu yule hakuwa anadanganya tena. Alianza sentensi akidanganya, akaimaliza akiamini.

"Na fainali anadaka nani?" mwandishi akauliza. "Asubuhi nilisikia habari za Gundi."

"Umesikia kwa nani? Utamwacha nje mtu kama huyu?"

Kwenye kona, kipa wa pili, Gundi, kijana wa mikono mirefu na maneno machache, alikuwa akifungua njumu ambazo hazikugusa nyasi siku hiyo. Vidole vyake vikasimama kwenye kamba. Kisha vikaendelea.

Hivyo ndivyo Komeo alivyoipata fainali yake. Miaka yote aliyodaka vizuri hakupewa. Amekosea mara moja, kapewa na mabusu juu.

Alipofika nyumbani, mashabiki wa kwenye basi bovu walikuwa wameshatunga wimbo, na wimbo ulikuwa umefika mtaani kabla yake:

*Komeo limekomeka, mlango haufunguki,*
*Mpira kaupeleka, kipa wetu hashituki.*

Mkewe alikuwa kwenye cherehani, anashona bega la gauni la mteja. Hakuinua uso.

"Karibu, Mtego wa Kimya."

"Umeanza."

"Mimi? Kaulize hao nje. Tangu jioni nashona kwa mdundo wa jina lako, hata mishono imeanza kwenda upande."

"Ulitazama?"

"Kwa jirani. Ulikuwa unalia."

"Jasho."

"Hata siku ya harusi yetu ulisema jasho. Nikanyamaza kwa sababu kulikuwa na wageni."

Komeo akavuta kiti, akakaa. Cherehani ikanyamaza.

"Nilidhani limeingia," akasema.

"Najua."

"Umejuaje?"

"Ukifungwa unazamisha shingo kama kuku aliyenyeshewa. Nakuona hivyo kila mwisho wa juma, sihitaji mchambuzi anisaidie. Sasa utawaambia?"

"Wakijua, sidaki fainali."

"Na wasipojua?"

"Nadaka."

"Basi daka, mume wangu. Ila mimi ni fundi, nimeshaona watu wengi mbele ya kioo. Nguo ya kuazima haisitiri makalio."

Akakanyaga cherehani, na mazungumzo yakaisha, kwa maana mwenye cherehani ndiye mwenye neno la mwisho.

Makalio yalianza kuonekana mazoezini.

Profesa alikuja na ubao mpya. Alikuwa ameuchora mishale mpaka ukafanana na nungunungu. Katikati ya uwanja alisimamisha koni ya rangi ya chungwa, karibu nayo akamsimamisha Mzigo, akapiga makofi.

"Komeo, daka. Lala. Kata tamaa. Inuka. Piga."

Komeo akadaka, akalala, akakata tamaa bila shida yoyote, akainuka, akapiga. Mpira ukavuka ukuta, ukashuka kwenye maegesho. Ikasikika sauti ya kioo. Hadi asubuhi ile Profesa alikuwa na gari lenye kioo upande wa dereva. Sasa alikuwa na gari lenye hewa safi.

"Tena," akasema kwa upole wa mtu anayehesabu moyoni.

Wa pili ulikwenda kwa mtunza bustani, aliyeudaka vizuri na kuurudisha kwa pasi nzuri zaidi. Wa tatu ulimfuata Mzigo kabisa, sawia, kichwani. Mzigo akainama ukapita.

"Mbona umeinama?" Profesa akauliza.

"Ulikuwa unakuja kwangu," Mzigo akajibu.

Profesa akamwendea Komeo, akashusha sauti. "Siku ile ulikuwa na hasira. Leo sioni hasira. Kasirika."

"Nimekasirika, kocha."

"Kasirika kwa dhati. Fikiria kwa mfano kwamba mimi, kocha wako, nimekuacha nje ya fainali."

Komeo akamtazama. "Hilo nilishawahi kulifikiria."

Waandishi waliokuwa getini wakatolewa nje. Profesa aliwaambia kuna siri za kiufundi, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo alisema kweli.

Wengine walipokwenda kuoga, Komeo alibaki amekaa ameegemea nguzo ya lango, anavua glovu kidole kwa kidole. Gundi akaja na wavu wa mipira mgongoni, akautua.

"Kaka, nikuulize jambo la makipa?"

"Uliza."

"Ule mpira ulikuwa unaupeleka katikati waanze upya, si ndiyo?"

Glovu ikakwama kwenye kidole gumba.

"Nani kakwambia?"

"Hakuna. Mpira ukipigwa, watu wote wanafuata mpira. Mimi kazi yangu benchi ni kukutazama wewe. Msimu baada ya msimu nakutazama wewe tu. Nakujua kuliko shemeji."

"Humfikii."

"Haya, nafuatia nyuma yake."

Komeo akasimama. Anamzidi kijana yule mabega, lakini siku hiyo aliona kama wamelingana. "Unataka nini? Sema bei yako."

"Sina bei. Asubuhi nilipewa fainali, jioni nikanyang'anywa na nguzo ya goli. Siwezi kugombana na nguzo. Nilitaka tu ujue kuna mtu mmoja uwanjani haimbi ule wimbo."

"Maneno hayo ungemwambia kocha."

"Ningemwambia kocha ningeonekana nina wivu. Na ninao, kaka. Ndiyo maana nimekuja kwako."

Akatoa mpira mmoja kwenye wavu. Akaudaka, akalala juu yake kifudifudi, akatulia kidogo kama mtu anayesikiliza ardhi, akainuka, akapiga. Mpira ukaenda juu, ukageuka, ukashuka. Koni ya rangi ya chungwa ikaanguka ubavu.

"Wako ulikwenda hivi," Gundi akasema, akabeba wavu wake akaondoka.

Msomaji, kuna matusi ya mdomo na kuna matusi ya mguu. Ya mguu hayana jibu.

Komeo alikwenda moja kwa moja ofisini kwa Profesa, na njumu zake, akiacha matope kwenye zulia. Profesa alikuwa kwenye simu, anamweleza mtu falsafa. Akamwonyesha kiti. Komeo hakukaa.

"Kocha, ile haikuwa pasi."

Profesa akaweka simu chini. "Najua. Ilikuwa zaidi ya pasi."

"Nilidhani tumefungwa."

"Unyenyekevu huo ndio ninaoupenda kwako."

"Kocha, nisikilize. Nilidhani tumefungwa. Nilikuwa narudisha mpira katikati. Hata Mzigo sikumwona. Nani anamwonaga Mzigo?"

Profesa akainuka, akaufunga mlango. Aliporudi, uso wa falsafa haukuwapo tena. Alikuwa mtu wa kawaida mwenye gari lisilo na kioo.

"Nani mwingine anajua?"

"Mke wangu."

"Na nani?"

Komeo akasita. "Na Mungu."

"Hao wawili hawaandiki magazetini. Vizuri." Akakaa pembeni ya meza. "Sasa na wewe nisikilize. Nimezungumza redioni. Nimezungumza kwenye televisheni, nikachora. Makocha wenzangu wamenialika nikawafundishe Mtego wa Kimya, watu ambao juzi hawakupokea simu yangu. Leo nikawaambie nini? Kwamba kipa wangu alikuwa analia?"

"Sijaja kukuharibia jina. Nimekuja kuomba kitu kimoja. Niache nidake fainali kama kipa. Krosi nitadaka, penalti nitadaka, ubavu nitaweka. Huo mtego siuwezi."

"Kipa ninaye. Wewe nakuweka kwa ajili ya mtego."

Maneno hayo yalisemwa kwa sauti ndogo sana, na ndiyo maana yaliingia ndani sana.

"Mpira wa kwanza utakaoudaka," Profesa akaendelea, "lala, inuka, piga. Uwanja mzima utakuwa unausubiri. Ukikataa, leo hii natangaza umeumia mgongo. Kwa umri wako hakuna atakayedai picha ya eksirei."

"Na nikipiga nikakosa?"

"Utakuwa umekosa wewe. Mbinu ni sahihi."

Komeo alitazama kofia ya kocha iliyotundikwa ukutani, akatazama matope yake kwenye zulia. Kichwani alitunga majibu mazuri sana, yenye heshima na yenye kuuma. Mdomoni likatoka moja.

"Sawa, kocha."

Tusimcheke. Mwenye kiu ya miaka hachagui bilauri.

Siku moja kabla ya fainali, waandishi walijaa kwenye ukumbi wa hoteli ambako timu ilikuwa imepiga kambi. Mezani walikaa Profesa, Komeo na Gundi, huyu wa mwisho akiwa amewekwa ili picha isiegemee upande.

Yule dada wa kinasa sauti akauliza wa kwanza. "Komeo, kesho tutauona tena Mtego wa Kimya?"

"Mtauona," Profesa akajibu.

"Nimemuuliza Komeo."

"Komeo anajibu uwanjani."

Watu wakacheka. Komeo akanywa maji. Alikuwa amekunywa maji mengi sana asubuhi hiyo.

Dada hakucheka. Akageuza kinasa sauti. "Gundi. Wewe uko benchi, unamtazama mwenzako kila mechi. Siku ile uliona nini?"

Sentensi moja tu ilitosha, na fainali ingegeuka mwenyewe pale pale, mbele ya kamera. Profesa, ambaye hakujua kwamba Gundi anaujua ukweli, alikuwa anatabasamu. Asiyejua maana haambiwi maana.

Gundi akavuta kipaza sauti.

"Niliona kaka yangu ameanguka," akasema. "Akainuka."

"Basi?"

"Dada, kaa benchi misimu yote niliyokaa mimi, utajua kwamba hilo si jambo dogo."

Makofi. Kamera zikapiga. Profesa akaandika sentensi ile kwenye kiganja, huenda kwa ajili ya mihadhara yake.

Komeo hakupiga makofi. Angeanikwa, angemchukia kijana yule kwa raha zake, akadaka fainali na chuki yake ikampa joto. Kusitiriwa ndiko kulikomchoma. Alikuwa ameazima mpira wa bahati, ameazima jina la mbinu, na sasa ameazimwa heshima na mtu ambaye yeye mwenyewe amempora nafasi. Mtu mmoja hawezi kuvaa nguo zote hizo za watu akaendelea kutembea wima.

Akatoka kwenda mapokezi kutafuta hewa. Profesa akamfuata, mwandishi naye nyuma, kinasa sauti bado kinawaka taa nyekundu.

Mapokezini, kwenye kochi la ngozi bandia, alikaa mama mmoja aliyevaa vizuri kuliko kila mtu hotelini. Vumbi la safari lilikuwa bado kwenye viatu vyake. Begi lake alikuwa amelipakata, hakulitua sakafuni, kama anayeiogopa sakafu inayong'aa hivyo. Alipomwona Komeo, akasimama.

"Wewe ndiye Komeo."

"Ndimi. Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Picha zinakunenepesha. Mimi mama yake Gundi."

Komeo akageuka. Gundi alikuwa amesimama kwenye mlango wa ukumbi. Alitikisa kichwa taratibu, hapana, hapana, huku macho yakiomba.

"Alinipigia simu asubuhi ya ile mechi yenu," mama akasema. "Anacheka, analia. Mama, wakishinda, fainali nadaka mimi. Komeo ananiachia. Nikamwambia mtaa mzima, hata wasiopenda mpira nikawalazimisha. Tangu siku hiyo kila nikimpigia ananiambia yuko mazoezini, hana nafasi. Nikasema hewala, mtu wa fainali hana nafasi. Nikapanda basi mwenyewe."

Mwandishi alisogea hatua moja. Profesa akasogea mbili.

"Unajua, sijawahi kumwona akidaka tangu aje timu hii," mama akaendelea. "Nikiwasha televisheni wananionyesha benchi. Magoti ya mwanangu nayajua kuliko uso wake." Akacheka kidogo, kisha kicheko kikaisha, akamtazama Komeo vizuri. "Mbona wote mmenyamaza? Ni kweli kesho nitamwona?"

Nyuma ya bega la mama, Profesa alikuwa anapeleka kidole kushoto na kulia, taratibu, kama wipa ya gari. Kidole hicho kilisema: mgongo umeumia. Kilisema: kamwe hutaiona fainali nyingine, mzee, na wewe unajua.

Komeo alijua. Alijua kuliko kidole. Aliiona fainali ile yote mbele yake, nyasi zake, mistari yake mipya ya chokaa, lango ambalo amelitafuta tangu akiwa na umri wa kijana yule pale mlangoni. Akamtazama Gundi, ambaye sasa alikuwa ameinamisha uso, anasubiri kuaibishwa mbele ya mamake na mtu ambaye yeye mwenyewe alimsitiri dakika chache tu zilizopita.

Komeo akalipokea begi la mama, akalitundika begani mwake.

Akasema jambo kwa sauti ndogo.

"Sema kwa nguvu, mwanangu," mama akasema. "Masikio yangu bado yako kwenye basi."

Basi Komeo akainua sauti, ukumbi mzima ukasikia, na kinasa sauti kikasikia, na kidole cha Profesa kikasimama hewani.

"Nimesema hivi, mama. Kesho, tangu kipenga cha kwanza, langoni atasimama mwanao. Asiposimama yeye, hasimami mtu. Mimi Komeo nakuahidi."